Jalada limelala Uhamiaji: umwone mwenyekiti, diwani, mbunge, au ufuatilie mwenyewe?

Nina steshenari ndogo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu za mtandaoni. Kati ya hizo fomu, za pasipoti na za uraia ndizo zinazonirudishia mteja yuleyule mara nne. Anajaza, analipa, anaitwa kuchukuliwa alama za vidole, kisha kimya. Mwezi wa kwanza anavumilia. Mwezi wa tatu anaingia dukani na bahasha ya kaki iliyochanika pembeni, anamwaga karatasi zote juu ya mashine ya kopi na kuniuliza: "Mwanangu, hivi nimwendee mbunge?"

Swali hilo nimeulizwa na mama wa Ujiji anayesubiri kwenda kutibiwa India, kijana wa Kibirizi aliyepata nafasi ya chuo, na mzee wa Buhigwe ambaye mke wake ni Mrundi na ombi lake la uraia halijajibiwa. Wote watatu niliwajibu tofauti, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Njia zipo kadhaa, na kila moja ina mtu wake.

Nitazipima kwa mambo matano yaleyale. La kwanza, unamfikiaje huyo mtu, na kwa nauli kiasi gani. La pili, gharama yenyewe, ile ya halali. La tatu, mkono wake unafika wapi ndani ya mfumo. La nne, siri yako itabaki siri au itazungumzwa barazani. La tano, ukimaliza naye umebaki na nini mkononi: karatasi yenye tarehe na muhuri, au ahadi ya mdomo tu.

Lakini kabla ya hayo, jambo ambalo wengi huliruka.

Jalada lako limelala wapi hasa?

Ukisema "limekwama Uhamiaji" bado hujasema kitu. Ombi la pasipoti linaweza kukwama mikononi mwako mwenyewe: kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, imekwisha muda kabla hujalipa, au cheti cha kuzaliwa cha mzazi hakikuambatanishwa. Linaweza kukwama kwenye jina. Hapa kwetu R na L ni ndugu wa tumbo moja. Mtu huyohuyo ni Ruhaga kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA na Luhaga kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, na mashine haijui kwamba ni matamshi tu ya bibi yake. Linaweza kukwama kwenye uhakiki wa uraia, ambao kwenye mkoa wa mpakani kama wetu una uzito kuliko Morogoro au Singida. Au kila kitu kimeshatoka hapa na jalada lipo makao makuu Dodoma.

Kwa uraia wa tajnisi, yaani ule wa kuomba na si wa kuzaliwa, safari ni ndefu zaidi. Ombi hujadiliwa ngazi ya kata, wilaya na mkoa kabla ya kupanda juu, na anayeamua mwisho ni Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwa mgeni anayefanya kazi hapa, kuna kibali cha ukaazi ambacho ni cha Uhamiaji, na kibali cha kazi ambacho tangu sheria ya 2015 kiko kwa Kamishna wa Kazi. Nimeona mtu akilalamikia Uhamiaji miezi miwili kumbe kinachomchelewesha ni hicho cha pili. Na mkimbizi wa kambi kama Nyarugusu ana idara yake, ya Huduma kwa Wakimbizi, ndani ya wizara hiyohiyo lakini mlango mwingine.

Ninasisitiza hili kwa sababu niliwahi kuaibika. Nilimsindikiza shangazi yangu kwa katibu wa mbunge mmoja, nikiwa nimevaa shati la kola, na barua nimeichapa mwenyewe kwa herufi nene. Katibu akapiga simu palepale. Akasikiliza, akaitikia, akakata, akamtazama shangazi kwa upole: "Mama, ombi lako halijalipiwa." Tulikuwa tumelipa ile ada ya fomu, shilingi 20,000, tukadhani tumemaliza. Zile 130,000 za pasipoti yenyewe zilikuwa bado. Shangazi hakusema kitu mpaka tulipofika Mwanga.

Njia ya kwanza: kufuatilia mwenyewe

Watu huidharau kwa sababu wanaichanganya na kwenda kuchungulia dirishani. Kwenda mara saba na kuambiwa "bado, njoo wiki ijayo" hakukuachii kitu. Kufuatilia ni kuwa na daftari. Kila ukienda unaandika tarehe, dirisha ulilohudumiwa, jina lililo kwenye sare ya afande, na jibu alilokupa kama alivyolisema. Ukifika mara ya tatu bila jibu la maana, unaandika barua kwa Afisa Uhamiaji wa Mkoa, nakala mbili, moja unaiacha masjala na nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa unarudi nayo nyumbani.

Kufikika: kwa mtu wa mjini ni nauli ya bodaboda. Kwa mtu wa Kakonko au Uvinza ni siku nzima na fedha za chakula, kwa hiyo aanzie ofisi ya wilaya yake. Gharama: karatasi na kopi, basi. Mkono unafika palepale jalada lilipo, au walau kwa mtu anayeweza kulitazama kwenye mfumo. Ndiyo faida yake kubwa kuliko njia nyingine zote. Siri haitoki nje. Na unabaki na nakala yenye muhuri, ambayo kila mtu utakayemwendea baadaye ataiomba kwanza.

Ukiona aibu kuandika barua, au ukihofia kwamba itamuudhi afande, kuna mfumo wa serikali wa e-Mrejesho, unaoingia hata kwa simu ya kitochi kupitia *152*00#. Lalamiko linaelekezwa kwa taasisi husika. Mimi binafsi naipenda barua zaidi. Barua ina kumbukumbu namba, na kumbukumbu namba ina mtu anayepaswa kuifungia faili.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inamtaka mtu mwenye muda, anayejua kusoma na kuandika, na asiyetetemeka mbele ya sare. Bibi wa miaka 74 hawezi kupambana na dirisha peke yake. Pia kuna nyakati ambapo dirisha lenyewe halijui: jalada liko juu, na aliyepo hapa hana jibu hata akitaka kukupa.

Na kama njiani ametokea kishoka anayesema ana mtu wa ndani na anahitaji "ya chai", hiyo haimo kwenye ulinganisho wangu. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapokea simu bila malipo kwa 113.

Njia ya pili: mwenyekiti wa mtaa na diwani

Hawa ni wa kuchaguliwa pia, ingawa tukisema mwakilishi watu hufikiria mbunge moja kwa moja. Wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji walichaguliwa Novemba 2024. Madiwani Oktoba 2025 pamoja na wabunge.

Tuseme ukweli: kimamlaka hawana lolote Uhamiaji. Uhamiaji ni serikali kuu, na baraza la madiwani haliwezi kumwagiza afisa wake. Diwani akikuambia "nitawaamuru", mshukuru kwa moyo wake na uendelee na safari.

Ila Kigoma ina tatizo ambalo hawa wawili wanaliweza kuliko mbunge, nalo ni la kuthibitisha kwamba wewe ni wa hapa. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Majina yanavuka mpaka wa Manyovu bila kugongwa muhuri. Wamanyema wa Ujiji mababu zao walitoka upande wa Kongo tangu enzi za misafara ya karne ya 19, na vitukuu wao wanaulizwa leo kana kwamba wameshuka kwenye boti jana jioni. Kwa wazee wetu kipimo kinarudi 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru: nani alikuwa amezaliwa Tanganyika, na mzazi wake yupi naye alizaliwa hapa. Hayo hayamo kwenye kompyuta yoyote. Yamo kwenye cheti cha ubatizo cha misheni, kadi ya TANU iliyoliwa na mende, risiti ya kodi ya kichwa, na kwenye vichwa vya wazee wanaojua babu yako alizikwa wapi.

Mwenyekiti ndiye anayeweza kukusanya hao wazee. Muhuri wake na wa mtendaji uko kwenye barua ya utambulisho. Na ombi la tajnisi linapojadiliwa ngazi ya kata, huko ndiko diwani anakojulikana na kusikilizwa, hata kama si yeye anayeamua.

Kumfikia ni rahisi mno: ni jirani yako, unamkuta anakunywa kahawa. Gharama hakuna, na ukiombwa mchango wa ofisi omba risiti. Kinachobaki mkononi ni barua yenye muhuri, kitu kizuri. Tatizo ni siri. Jambo lililopita kwa mwenyekiti asubuhi, jioni linajulikana kisimani. Kama mama yako alizaliwa upande wa pili wa ziwa na hujapenda mtaa mzima ulijadili, hii si njia ya kuianza bila kufikiri. Kuna majirani wanaosubiri tu sababu, hasa pale penye mgogoro wa kiwanja.

Angalizo dogo: mwenyekiti wako anaweza kuwa kijana aliyehamia mtaani miaka michache iliyopita. Huyo atagonga muhuri, lakini akiulizwa na afande "unamfahamu baba yake?" atababaika. Nenda naye, na mchukue pia mwenyekiti wa zamani au balozi wa nyumba kumi aliyezeeka hapo.

Njia ya tatu: mbunge

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo matumaini yanapokuwa makubwa kuliko uelewa.

Mbunge hawezi kukupa pasipoti. Hawezi kumwagiza Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, wala hawezi kubadili uamuzi wa Waziri. Anachoweza ni kuuliza, na swali lake likiulizwa, mtu fulani analazimika kulitoa jalada kabatini ili apate la kujibu. Mara nyingi hilo tu linatosha, kwa sababu majalada mengi hayajakataliwa. Yamesahauliwa.

Ana milango mitatu ya kuuliza. Mlango mdogo ni simu au barua ya ofisi yake kwa Afisa Uhamiaji wa Mkoa. Mlango wa kati ni kumwona Waziri au wasaidizi wake ana kwa ana. Mlango mkubwa ni swali bungeni, ambalo hujibiwa na wizara hadharani na kuingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Kwa jambo la mtu mmoja, mlango mkubwa haufai. Unafaa pale watu mia wa kata moja wote wamekwama kwa sababu ileile, kwa mfano uhakiki wa vitambulisho uliosimama kijiji kizima. Hapo kusanyeni majina, msiende mmoja mmoja.

Watu hulalamika kwamba mbunge akiwa Dodoma hapatikani. Kwa jambo la Uhamiaji mimi naona kinyume. Kuanzia Aprili mpaka Juni, wakati wa Bunge la bajeti, mbunge wako na Waziri wa Mambo ya Ndani wanaingia ukumbi mmoja, na makao makuu ya Uhamiaji yako mji huohuo. Barua yako ikimfikia mikononi wakati ule, ina safari fupi kuliko ikimkuta jimboni akiwa kwenye msiba na mikutano sita ya hadhara. Iache kwa katibu wake. Ofisi ya jimbo mara nyingi iko ndani ya majengo ya halmashauri au ya wilaya, uliza pale.

Kuhusu gharama, barua ya mbunge haina ada. Yeyote anayezunguka naye akikuomba hela ya "kuipandisha" ni kishoka aliyevaa sare ya chama.

Kuhusu mkono wake, unafika juu kuliko wa diwani lakini ni dhaifu chini. Kama kikwazo ni Ruhaga na Luhaga, mbunge ataambiwa "mwombaji arekebishe majina", na utakuwa umepoteza mwezi kupata jibu ambalo wakili au hakimu angelitatua kwa kiapo, kisha ukaenda NIDA.

Siri iko katikati. Ofisi ya mbunge ina watu, na watu wana midomo. Weka wazi kwa maandishi kwamba unaruhusu ofisi yake iulize kwa niaba yako, na kwamba hutaki jina lako litajwe mkutanoni. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ofisi yoyote ina sababu nzuri ya kutaka idhini hiyo kabla ya kutoa habari zako kwa mtu wa tatu, hata akiwa mheshimiwa.

Kinachobaki mkononi kinategemea wewe. Ukiongea naye mlangoni mwa msikiti au baada ya misa, utabaki na "nitalifuatilia". Ukimpa barua, utabaki na nakala.

Hii ndiyo barua ninayowachapia watu, ukurasa mmoja usiozidi:

"Mheshimiwa, mimi ni mkazi wa kata ya Buzebazeba na mpiga kura wa jimbo lako. Niliwasilisha ombi la pasipoti tarehe fulani, namba ya ombi ni hii. Nilichukuliwa alama za vidole tarehe fulani. Nimefuatilia ofisini mara tatu, tarehe hizi, na nimeandika barua ambayo nakala yake yenye muhuri naiambatanisha. Mpaka leo sijaelezwa kinachosubiriwa. Naomba ofisi yako iniulizie mambo mawili: jalada langu liko hatua gani, na kama kuna nyaraka inayokosekana, ni ipi. Ninahitaji kusafiri tarehe fulani kwa matibabu. Barua ya hospitali iko nyuma. Naidhinisha ofisi yako kuuliza taarifa za ombi hili kwa niaba yangu."

Haimo sentensi inayosema "naomba unisaidie nipate". Mbunge akiombwa jibu, anaweza kulileta. Akiombwa matokeo, atakwepa, na ana haki. Haimo pia historia ya namna ulivyompigia kampeni. Weka kopi tu. Vyeti halisi visitoke mkononi mwako.

Mbunge wa viti maalumu je? Hana jimbo, lakini ana sauti bungeni ileile, na wengine wanafikika kuliko wa jimbo. Kwa wanawake walioolewa na wanaofuatilia uraia, naona wengi wanasikilizwa vizuri huko. Chagua mmoja. Barua ileile ikipelekwa kwa wawili, kila mmoja atadhani mwenzake analishughulikia.

Na mwombaji ambaye si raia, asiyepiga kura? Mzee yule wa Buhigwe nilimwambia barua aiandike yeye, mume, kwa jina lake. Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa ndoa hiyo, lakini mpiga kura ni mume. Mbunge anamjibu mtu wa jimbo lake.

Hapa niseme pia habari ya mkuu wa wilaya, maana wengi humwona kabla ya mbunge. Hakuchaguliwa, ameteuliwa na Rais, hivyo hana kura ya kukuhofia. Lakini ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, na afisa uhamiaji wa wilaya anakaa meza moja naye. Kwa tajnisi iliyokwama ngazi ya wilaya, siku yake ya kusikiliza kero inaweza kuzaa kuliko barua ya Dodoma.

Njia ya nne: Tume au mahakama

Hii nitaipitia haraka, kwa kuwa wachache wataihitaji. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyomo kwenye Katiba, ibara ya 129, hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila ada. Barua ya kawaida inatosha. Inaweza kuitaka ofisi ijieleze, na huishia na mapendekezo. Siri yako inalindwa vizuri kuliko mtaani, na majibu huja kwa maandishi. Mwendo wake ni wa taratibu.

Mahakama Kuu inaweza kuiamuru ofisi itekeleze wajibu inaoukwepa, na siku hizi ina masjala hapahapa Kigoma, hatupandi tena treni kwenda Tabora. Lakini huko ni wakili, fedha, na muda wa kisheria wa miezi 6 wa kuomba ruhusa, ambao ukipita umepita. Wasiomudu wakili waulize wasaidizi wa kisheria wa wilaya yao, wanaotambuliwa na sheria ya 2017. Kwa tajnisi iliyokataliwa, ujue kwamba sheria haimlazimishi Waziri kutoa sababu, kwa hiyo usiuze ng'ombe kabla hujamsikia mwanasheria.

Kama jalada liko Marekani

Sehemu hii inawahusu wengi Kigoma kuliko unavyodhani. Familia za Wakongo na Warundi waliotoka makambini kwetu kwenda kuishi Marekani wameacha wake na watoto Nyarugusu, na mara kwa mara naletewa simu niisome: ombi la kuunganisha familia, Fomu I-730, halisogei.

Mbunge wa Kigoma hana mkono huko. Huko anayeomba ni yule aliyeko Marekani, naye ana watu watatu wa kuchagua: mwakilishi wa wilaya yake kwenye Baraza la Wawakilishi, na maseneta wawili wa jimbo lake. Ofisi zao zina wafanyakazi ambao kazi yao ni hiyo tu, kuuliza majalada ya wananchi. Huhitaji kuwa raia wala mpiga kura, inatosha kuishi pale. Kwanza atajaza fomu ya idhini ya kutoa taarifa zake, kwa sababu sheria yao ya faragha ya 1974 inakataza ofisi kuzungumzia jalada la mtu bila saini yake. Ataandika namba ya risiti, ile ya herufi tatu na tarakimu kumi. Ofisi itauliza, na kama jalada limeshahamia kwenye ubalozi wa Marekani itauliza huko pia. Haiwezi kuamua. Kazi ya ndugu aliyeko Nyarugusu ni kutuma majina na tarehe za kuzaliwa zilivyoandikwa kambini, herufi kwa herufi, R ikiwa R na L ikiwa L.

Wewe uko upande gani?

Kama hujawahi kuambiwa sababu ya kuchelewa, na huna safari ya haraka, anza na dirisha, daftari na barua. Ukienda kwa mwakilishi bila hivyo, atakurudisha hapohapo kama alivyorudishwa shangazi.

Kama umeambiwa "uraia wako unahakikiwa", usikimbilie Dodoma. Mtafute mwenyekiti, wazee, cheti cha ubatizo, risiti za babu. Na kama una sababu ya kuwaogopa majirani, peleka ushahidi wako mwenyewe ofisini ukiwa na wazee wawili unaowaamini, bila kikao cha mtaa.

Kama tatizo ni jina, asikupotezee mtu muda: kiapo, kisha NIDA au RITA.

Kama una tarehe isiyosogezeka, ya matibabu au ya chuo, na hapa Kigoma wamekuambia kwamba upande wao wamemaliza, hapo mbunge ndiye mtu wako, na barua iwe na uthibitisho wa hiyo tarehe. Ukiwa unasubiri uliza pia ofisini kuhusu hati ya dharura ya safari. Haifiki kila nchi, lakini kuna safari ambazo inatosha.

Kama mko wengi wenye kilio kimoja, diwani akusanye majina na mbunge ayapeleke. Hapo swali bungeni lina maana.

Kama umeandika, umefuatilia, mbunge ameuliza, na bado hakuna hata mstari mmoja wa jibu, Tume inakusubiri, na sasa una bahasha iliyojaa mihuri ya kuwaonyesha.

Yule mama wa Ujiji wa India, kwa taarifa yenu, hakufika hata kwa mbunge. Tulipopanga karatasi zake mezani, cheti cha kuzaliwa cha mama yake kilikuwa cha dada yake. Alikuwa amechukua bahasha isiyo yake sandukuni. Aliondoka akicheka, mkono mdomoni, na kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni.